Kabla ya Kubandika Lebo: Maneno kwa Wapishi wa Nyumbani wa Tanga

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti wetu, mtendaji wa kata, viongozi wa vikundi, akina mama, vijana, na ninyi akina baba wachache mliojibanza kule mlangoni: asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nimeitwa nizungumzie sheria za kuuza chakula kinachopikwa nyumbani. Nikauliza, wanataka kusikia nini hasa? Nikajibiwa: "Waambie wafanye nini ili bwana afya asiwafungie." Basi mmempata mwenyewe. Mimi ndiye nilikuwa nafunga. Sasa nimestaafu, naweza kuwaambia kwa mdomo mambo ambayo zamani ningewaandikia kwenye karatasi ya onyo.

Kwanza niulize. Nani hapa anauza chakula anachokipika nyumbani kwake? Mikono juu. Mashaallah. Nani anauza kwa status ya WhatsApp tu, hana genge wala duka? Mbona mikono imeshuka? Anayeuza kwa status naye anauza! Ukipokea hela ya mtu ukampa keki, umeshakuwa mfanyabiashara wa chakula, uwe na bango barabarani au uwe na picha kwenye simu.

Sasa tuanze na sufuria. Makaratasi yatakuja.

Watu wakisikia "sheria za chakula" wanawaza ofisi, foleni, mhuri, hela. Mimi nataka uwaze maswali mawili, uyaulize kila chakula unachouza. Kina maji kiasi gani? Na kitakaa muda gani kabla ya kuliwa? Maji na muda. Karibu kila sharti atakalokudai mkaguzi, ukilifuata mpaka kwenye mzizi wake, utakuta limeanzia hapo.

Chukua visheti. Vimekaangwa, vimekauka, vimevikwa sukari. Kijidudu akitua pale hana pa kuishi. Chukua kashata, vileja, tambi, biskuti, ubuyu. Hivi vinaweza kuchacha mafuta, vinaweza kuota ukungu ukivifunga kabla havijapoa, lakini si rahisi vimlaze mtu hospitali. Upande wa pili weka wali, nyama, samaki, maharage, mayai, maziwa, keki yenye krimu, juisi. Hivi vina maji na vina lishe, na wadudu wanavipenda kama tunavyovipenda sisi.

Kuna mama mmoja, simtaji, alikuwa fundi wa pilau. Fundi kweli. Jiko lake lilikuwa safi kuliko majiko mengi ya hoteli niliyoyakagua. Akapata oda ya chakula cha mchana cha ofisi. Akaona asubuhi atachelewa, akapika saa nne usiku, akafunika sufuria kubwa vizuri, akalala. Kesho yake akapasha moto mpaka mvuke ukatoka, akapeleka. Saa nane mchana watu wanatapika.

Niambieni, alikosea wapi? Uchafu? Hakuna. Maji machafu? Hakuna. Nyama mbovu? Hata nyama ilikuwa ya asubuhi ile.

Alikosea muda. Kwenye mchele kuna kijidudu anaitwa Bacillus cereus. Wali ukichemka, yeye anakufa lakini mbegu zake hazifi. Sufuria kubwa likifunikwa linakaa vuguvugu usiku kucha, na vuguvugu ndilo zile mbegu zinalolingoja. Zinachipua, zinazaliana, zinamwaga sumu. Na sumu ile ukiipasha moto haiondoki! Unaweza kuuchemsha wali ule upya mpaka uungue, sumu imo.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kikae moto juu ya nyuzi 60, au baridi chini ya nyuzi 5. Katikati hapo ni hatari, na hali ya hewa yetu ya Tanga, jamani, yote iko katikati hapo. Kwa hiyo anayepika oda za mchana apike asubuhi. Hakuna dawa nyingine. Na anayetaka kupika usiku agawe wali kwenye sinia pana upoe haraka, kisha uingie kwenye friji. Sufuria zima la kilo kumi ukiliingiza friji na moto wake, katikati litakuwa bado vuguvugu mpaka alfajiri.

Nigusie na kitu kinachonitia hofu kuliko pilau. Siku hizi naona vijana wanauza kitunguu saumu kilichosagwa, kimewekwa kwenye chupa, juu wamemwagia mafuta. Kinapendeza, kinamsaidia mama aliye kazini. Lakini kitunguu saumu kinatoka udongoni, na udongoni kuna mbegu za kijidudu ambaye hapendi hewa. Ukimfunika na mafuta umemwondolea hewa. Kitunguu saumu chenyewe hakina ukali wa asidi, ule wa ndimu au siki, wa kumzuia. Sumu anayotoa inaitwa botulini, inalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Achari ya embe na ndimu haina shida hiyo kwa sababu ni kali. Wataalamu wanapima ukali huo kwa namba inayoitwa pH: kadiri inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi, na ikiwa chini ya 4.6 yule mdudu hachipui. Anayeuza kitunguu saumu basi atie siki au asidi ya limau ya kutosha, kipimo apimiwe maabara, au auze kikiwa kimegandishwa na amwambie mnunuzi akiweke kwenye friza. Kwenye rafu ya duka, hapana.

Mnaona? Maji, muda, ukali. Ukijua chakula chako kiko kundi gani, nusu ya sheria umeshaielewa.

Wenzetu wa California, Marekani, wameliandika hili wazi kabisa katika sheria yao. Mwaka 2012 walipitisha sheria ya chakula cha jikoni nyumbani, ikaanza kazi Januari 2013. Inaruhusu kupika na kuuza ukiwa kwenye jiko lako lilelile la familia, lakini vyakula visivyohitaji friji tu: mikate, biskuti, jamu, karanga, viungo vikavu. Keki ya krimu haimo. Na lebo lazima iseme kwa maandishi yanayosomeka kwamba chakula hiki kimetengenezwa kwenye jiko la nyumbani, ili mnunuzi aamue mwenyewe. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Kwetu jiko lako linapimwa kwa sheria zilezile zinazompima mwenye kiwanda, na hapo ndipo wengi mnapokata tamaa. Mimi nadhani siku moja tutahitaji sheria kama ile. Lakini siku hiyo haijafika, tufanye kazi na iliyopo.

Nimesema vyakula vikavu havimlazi mtu kwa urahisi. Karanga nimezificha makusudi, nizitolee maneno yake.

Nani anauza siagi ya karanga hapa? Nani anauza unga wa lishe? Ninyi nisikilizeni zaidi ya wengine wote.

Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua ghafla, macho yakawa ya njano, matumbo yakajaa. Watu 20 walikufa. Si kipindupindu, si homa ya manjano. Ilikuwa sumukuvu, na ilitoka kwenye mahindi, tena mahindi ya kulima wenyewe, ya kuhifadhi nyumbani, ya kusaga wenyewe. Chakula cha nyumbani! Kile tunachojivunia kwamba hakina kemikali.

Sumukuvu inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zikivunwa zikahifadhiwa hazijakauka sawasawa. Huioni. Huinusi. Hata kwa ulimi huwezi kuitambua. Kukaanga kunaipunguza kidogo, hakuimalizi. Na wale wa Dodoma na Manyara walikula nyingi kwa mpigo. Anayekula kidogo kidogo kila siku haugui leo, ini lake ndilo linaloumia, miaka inapita. Mtoto mdogo anaathirika zaidi. Sasa fikiria unga wa lishe: umechanganya mahindi, karanga, soya, ulezi, mchele, ukamwandikia mama mzazi "kwa watoto kuanzia miezi sita". Karanga mbovu za gunia moja umezigawa kwa watoto wa mtaa mzima.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinasema sumukuvu zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile kali zaidi, inayoitwa B1, isizidi 5. Mikrogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni moja. Jicho la nani litaona hilo? Ndiyo maana bidhaa za karanga zinadaiwa kipimo cha maabara, na si kwamba mtu anakuonea. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Malori yalisimama mpakani. Horohoro mnaijua.

Utafanya nini wewe usiye na maabara? Kazi kubwa iko sokoni, kabla hujawasha jiko. Usinunue karanga zilizokwisha kumenywa na kukaa, huzijui zimepita wapi. Zikifika nyumbani zimwage kwenye ungo, uchambue kwa mkono: zilizosinyaa, zenye rangi nyeusi, zilizovunjika, zenye ukungu, tupa. Na nikisema tupa, maana yake usimpe kuku. Sumu yake utaikuta kwenye yai na kwenye ini la kuku. Wala usizipeleke kwa muuza mafuta. Magunia yapange juu ya kichanja, mbali na ukuta. Na unga wa lishe, ushauri wangu mimi binafsi, ambao wengine hapa hawataupenda: toeni karanga humo. Muuzie mama unga wa nafaka, mwambie aongeze karanga zake alizochambua siku anayopika uji. Unga wenye karanga unachacha haraka hata kama hauna sumu.

Haya. Sasa jiko.

Mkaguzi akija anaangalia nini? Anaangalia kama chumba cha kupikia cha biashara kimejitenga na maisha ya familia. Hilo ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu nyumba zetu ni za kupanga, chumba na sebule. Nimewahi kukuta unga wa keki chini ya kitanda. Nimekuta oveni sebuleni, mtoto anaangalia katuni, kuku anapita. Keki tamu, lakini huwezi kuipa alama.

Dada mmoja wa Chumbageni alikuwa katika hali hiyo. Hakujenga kiwanda. Alimwomba mwenye nyumba ile stoo ya uani iliyokuwa imejaa mabati, akaitoa takataka, akaipiga plasta, akapaka rangi inayofutika, akaweka sakafu ya saruji laini inayosafishika, dari, nyavu kwenye dirisha, meza moja ya bati, ndoo yenye koki ya kunawia na sabuni yake, pipa la taka lenye mfuniko. Taa akaifunika ili ikipasuka vioo visiangukie unga. Mlango una komeo, watoto hawaingii. Akakaguliwa, akaambiwa arekebishe mifereji ya maji machafu, akarekebisha, akapita. Kilichomgharimu zaidi kilikuwa dari.

Ambaye hana hata stoo, jiungeni. Kikundi cha watu kumi mnaweza kupanga chumba kimoja, mkapeana zamu. SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nao wana maeneo na mafunzo ya usindikaji, waulizeni kabla hamjaingia gharama.

Maji. Sina haja ya kusema mengi. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanzia Dar es Salaam, walioumia kwanza kibiashara walikuwa wauza juisi, wauza matunda yaliyokatwa na mama lishe. Aliyekuwa msafi na aliyekuwa mchafu wote walipigwa marufuku pamoja. Chemsheni maji ya juisi. Barafu nayo ni maji.

Na afya yako mwenyewe. Kila anayeshika chakula cha biashara anatakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita na kuwa na cheti. Nawasikia mnanung'unika: "Mimi siumwi, nipime nini?" Niwape kisa cha mpishi mmoja wa New York, jina lake Mary Mallon. Alikuwa na nguvu zake, haumwi kitu, anapika kwenye nyumba za matajiri. Kila nyumba anayofanya kazi, watu wanapata homa ya matumbo. Mwaka 1907 wakamgundua: vijidudu vya taifodi viko mwilini mwake, vinamwacha yeye mzima, vinatoka kwa choo chake. Cha kushangaza, chakula chake cha moto hakikumdhuru mtu, kwa sababu moto unaua. Kilichoshukiwa ni aisikrimu aliyokuwa akiichanganya na matunda mabichi kwa mkono. Walimweka karantini, wakamwachia mwaka 1910 kwa sharti asipike tena. Mwaka 1915 wakamkuta anapika, kwa jina jingine, tena kwenye hospitali ya wazazi! Alirudishwa karantini mpaka alipofariki mwaka 1938. Mary aliamini mpaka mwisho kwamba anaonewa, kwa sababu haumwi. Haumwi, kama ninyi tu.

Twende kwenye lebo, hapa nitapita haraka.

Lebo iwe na jina la chakula, viungo vyote kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, uzito halisi, jina na anuani yako, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya bechi, yaani ya mzigo uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja, na jinsi ya kukihifadhi. Iwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Karanga, maziwa, mayai, ngano, zionekane wazi, kuna watu wanadhurika nazo.

Tarehe ya mwisho haikopwi kwa jirani. Kijana mmoja aliandika "mwaka mmoja" kwenye siagi yake ya karanga kwa sababu aliiona kwenye chupa ya supamaketi. Mwezi wa nne chupa zikaanza kurudi, zimechacha. Weka chupa kadhaa za bechi moja kabatini, fungua moja kila baada ya wiki mbili, onja, nusa, andika. Zikiharibika mwezi wa nne, andika miezi mitatu. Na namba ya bechi ndiyo itakayokuokoa siku chupa moja ikiwa mbaya: utarudisha za siku ile tu, hutarudisha za mwezi mzima.

Halafu kuna hili la "inatibu". Ubuyu unatibu presha, mlonge unatibu kisukari, unga fulani unaongeza nguvu za kiume. (Mnacheka, na mmeandika wenyewe!) Chakula hakiruhusiwi kudai kwamba kinatibu ugonjwa. Ukiandika hivyo umejitoa kwenye chakula, umeingia kwenye dawa, na dawa ina ofisi yake na adhabu zake. Futeni.

Sasa makaratasi, kwa mpangilio, ili msizunguke.

Anza na afisa afya wa kata, mwite aje kuona chumba kabla hujamaliza kukijenga. Ushauri wake ni bure na atakuepusha kubomoa. Chukua TIN, namba ya mlipa kodi, kwa TRA, mamlaka ya mapato, hailipiwi. Na msiogope kodi kuliko inavyostahili: mauzo yako ya mwaka yasipozidi milioni 4, kodi ya mapato ni sifuri, lakini andika mauzo kwenye daftari ili uweze kuthibitisha. Leseni ya biashara iko halmashauri. Kisha SIDO, uombe barua ya utambulisho. Ukiwa na barua hiyo unakwenda TBS, shirika la viwango, ukiwa mjasiriamali mdogo, na TBS wana utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo bila malipo kwa miaka ya mwanzo. Ulizeni masharti yake ya sasa palepale SIDO. TBS watasajili eneo lako, watachukua sampuli, wakiridhika wanakupa leseni ya kutumia alama yao. Nasikia bado kuna watu wanaitafuta TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Tangu Julai 2019 chakula kimehamia TBS, na iliyokuwa TFDA sasa ni TMDA, inashughulika na dawa na vifaa tiba.

Alama ya TBS usiikopi kutoka kwenye chupa ya mwenzako. Nimemwona mama aliyefanya hivyo, bidhaa yake ilikuwa nzuri na ingepita kwenye vipimo bila shida. Mchora lebo alimwambia "tuiweke, inapendeza". Mzigo wote ulichukuliwa. Kutumia alama ile bila leseni ni kosa la jinai, hata kama chakula chako ni kisafi kuliko cha mwenye leseni.

Na ninyi wa vikundi, kumbukeni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba. Kikundi kikishasajiliwa na kina chumba kilichokaguliwa, andiko lenu litakuwa na kitu cha kuonyesha.

Nimemaliza upande wangu. Afisa afya wa kata yuko kwenye meza ile ya kushoto na daftari lake, atapanga siku za kuwatembelea. Wenye siagi ya karanga na unga wa lishe waanze wao. Wenye kitunguu saumu kwenye mafuta njooni kwangu, na chupa zenu.

Maswali sasa. Mama mwenye kitenge cha bluu, wewe mkono wako uko juu tangu nilipotaja karanga.